Kichwa cha Uledi

Walipokaribia ufuko wa Rumonge, hapakuwa na mtu wa kupaza sauti kutoka nchi kavu kuuliza matokeo. Mara ya kwanza, walipotoka kucheza Nyanza, watu walikuwa wamejaa hadi kwenye maji ya magoti, wanawake wakiwa tayari na vigelegele. Mara ya pili walikuja nusu yao. Mara ya tatu walikuja wazazi tu. Sasa, mara ya nne, wakitoka Usumbura, alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akitandaza ndagala wake juu ya mchanga ili wapate jua.

"Ngapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Saba," akajibu Hamisi, nahodha wa timu, akiuvuta mtumbwi.

"Zenu?"

"Zao."

"Basi mupite kule pembeni. Musinikanyagie samaki."

Wakapita pembeni, mmoja mmoja, vijana wa shule ya serikali, kila mtu na viatu vyake shingoni vimefungwa kwa kamba. Mwalimu Mbaraka bin Salumu alisimama majini akiwahesabu wanaposhuka, kama alivyozoea kuwahesabu darasani. Akafika kumi. Wa kumi na moja, Uledi, alikuwa bado amekaa ndani ya mtumbwi ameukumbatia mpira, akiyatazama maji.

"Uledi, tumefika."

Uledi akageuka na kutabasamu. "Shemeji, tulishinda?"

Hiyo ilikuwa mara ya sita kuuliza tangu waondoke Usumbura. Mara ya kwanza wenzake walicheka. Mara ya tatu wakanyamaza. Sasa Hamisi alimtazama mwalimu, mwalimu naye akatazama pembeni.

"Shuka kwanza," akasema. "Dada yako anakungoja."

Uledi akashuka, akapiga hatua nne juu ya mchanga, akainama na kutapika.

Ilikuwa hivi. Huko Usumbura walicheza na askari, na askari walicheza na mabuti yao. Mpira mmoja ulidunda, Uledi akaufuata kwa kichwa, askari mmoja akaufuata kwa mguu. Buti likampata juu ya sikio. Alilala chini muda wa mtu kusoma Fatiha, kisha akainuka mwenyewe, akapangusa vumbi na kuendelea kucheza. Watu wa Usumbura walishangilia ushujaa wake. Mbaraka naye alimpigia makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyomkera njiani siku mbili nzima.

*

Nyumba ya Mbaraka ilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili na ua wa matete, ambamo mkewe Mwanvua alikuwa akichemsha mawese ya kuuza. Uledi alikuwa mdogo wake Mwanvua, mtoto wa mwisho wa Bibi Kulthum, na tangu baba yao afariki aliishi hapo hapo kwa dada yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, mrefu kuliko mlango. Siku ile aliingia ndani, akajilaza kwenye mkeka, akalala mpaka alasiri ya siku ya pili. Aliamka akala viazi vitatu, akalala tena.

Siku ya tatu Bibi Kulthum alikuja kumtazama mwanawe. Alikaa karibu naye kwa muda, kisha akatoka uani akiwa amejishika kiuno.

"Mwanvua. Huyu mutoto analala namna gani hii?"

"Amechoka na safari, mama."

"Safari haifanyi mutu alale na chakula mukononi." Akateremsha sauti. "Ile ni malale."

Mwanvua aliacha kukoroga. Neno hilo halikutamkwa ovyo Rumonge miaka ile. Kwa ajili ya ugonjwa huo vichaka vyote vya ufuko, maficho ya mbung'o, vilikuwa vimefyekwa kwa amri ya serikali, na hata uwanja wa mpira ulikuwa kichaka kilichofyekwa. Aliyekutwa nao alipelekwa kambini, upande wa kusini, kupigwa sindano. Wapo waliorudi wazima. Wapo waliorudi wameshikwa mkono kwa sababu macho yao hayakuona tena. Wapo ambao hawakurudi.

"Si malale, mama," Mbaraka akasema. Alikuwa amekaa mlangoni, amempakata binti yake Sharifa. "Ni buti. Mimi niliona kwa macho yangu."

"Wewe uliona. Na watu wa kambi watakapokuja, watakuuliza wewe uliona nini, au watamutazama yeye namna anavyolala?"

Mbaraka alimkabidhi mkewe mtoto, akajifanya ana kazi shuleni.

Njiani alipita dukani kwa Jumbe Majid, Mwarabu mwenye duka kubwa la nguo, ambaye ndiye aliyetoa kitambaa cha fulana za timu pale mwanzo, mbele ya watu wengi.

"Mwalimu!" Majid akamwita kutoka kibarazani. "Njoo nikuulize. Zile fulana zangu, zinaanza kuchakaa mgongoni au kifuani?"

"Kwa nini, Jumbe?"

"Nauliza tu. Naambiwa wenzenu wote wanawaona migongo."

Waliokuwa kibarazani wakacheka. Mbaraka naye akacheka kidogo, kwa kuwa mtu mzima akichekwa na asiposhiriki huchekwa mara mbili. Alipofika shuleni alimkuta askari anamngoja. Anaitwa kituoni.

*

Bwana wa kituo, Mjerumani, watu walimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakuzungumza na mtu ila alitoa saa yake mfukoni na kuitazama kwanza. Yeye ndiye aliyeleta mpira Rumonge mwaka uliopita, ndiye aliyepiga filimbi, na ndiye aliyewafundisha wasishike kwa mikono. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha watu.

Akatoa saa, akaitazama.

"Mwalimu. Michezo mingapi?"

"Minne, Bwana."

"Kushinda?"

"Hatujashinda bado, Bwana."

"Kwenda sare?"

"Hapana, Bwana."

"Sikiliza. Jumapili ijayo Bwana Mkubwa wa Usumbura anapita hapa na meli. Shule ya Ujiji wanakuja kucheza. Mimi nilimwandikia barua. Nilisema, vijana hawa wa darasa la wakubwa wasibebe mizigo ya serikali, wana kazi nyingine, wanajifunza adabu na nguvu. Yeye ananijibu, wanajifunza nini? Kufungwa?" Akaikunja barua mara mbili. "Huko Gitega wanajenga boma jipya. Misumari iko hapa. Mabati yako hapa. Wapagazi hawatoshi. Mkifungwa Jumapili, darasa la wakubwa limekwisha. Watabeba."

Mbaraka alijua maana ya kubeba. Gitega ilikuwa juu, siku nyingi za milima, kwenye baridi ambayo watu wa ziwani hawakuizoea. Katika msafara uliopita watatu walizikwa njiani kwa homa ya kupe.

"Na yule mrefu," Bwana Saa akaendelea. "Leo sikumwona kwenye mstari wa asubuhi."

"Amekwenda Kigwena, Bwana." Uongo ulimtoka mwepesi hata yeye mwenyewe akashangaa. "Kwa mjomba wake. Kusaidia kuangua chikichi."

"Arudi upesi. Jumamosi msaidizi wa daktari atapapasa shingo za wanafunzi wote. Asiyekuwepo, askari watamtafuta." Akatazama saa tena. "Kwaheri."

*

Habari zilifika kwa vijana kabla ya mwalimu kufika nyumbani. Kesho yake asubuhi Hamisi alikuja na wenzake wanne, wakasimama uani bila kukaa. Hamisi alikuwa mtoto wa mvuvi, mfupi, mabega mapana, mpole siku zote. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Amahoro, dada Mwanvua. Tumekuja kumuona Uledi."

"Amelala."

"Bado?"

"Bado."

Wakatazamana. "Atacheza Jumapili?"

"Hachezi," Mwanvua akasema.

"Ngoja, Mama Sharifa," Mbaraka akaingilia. "Tutaona atakavyoamka."

"Tutaona nini, Baba Sharifa? Juzi aliniuliza jina la mutoto huyu. Mutoto aliyembeba mugongoni mwaka mzima!"

Hamisi akakuna kichwa. "Dada, tusikilize na sisi. Bila Uledi mbele, sisi tunakimbia tu. Ujiji walitufunga nne yeye akiwemo. Akikosa je? Mimi nina mama tu nyumbani. Abdul mke wake ana mimba. Tukipelekwa Gitega nani atakayetuvulia samaki?"

"Na yeye akifa?"

Ndipo Uledi mwenyewe akatokea mlangoni, ameinama ili asigonge kichwa, macho yamevimba kwa usingizi.

"Nani atakufa?" akauliza. Akawaona wenzake, akafurahi. "Hamisi! Mumekuja kunichukua? Mimi niko muzima. Shemeji, waambie niko muzima."

Mbaraka alimtazama. Alisimama wima, anatabasamu, mkono mmoja tu umeshika mwimo wa mlango. Angeshika mwimo hata mtu mzima, Mbaraka akajiambia. Mlango ni mfupi.

"Jumamosi kuna ukaguzi," akasema. "Tutajua baada ya hapo."

*

Siku ya ukaguzi wanafunzi walipangwa mstari mmoja mbele ya shule, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Msaidizi wa daktari alipita akiwapapasa shingo kwa vidole viwili, upande huu na upande huu, akitafuta tezi. Waliokuwa na tezi waliambiwa wasimame pembeni, kwenye jua. Kufika katikati ya mstari walikuwa wamesimama pembeni wawili, mmoja wao analia.

Mbaraka alimweka Uledi kati ya Hamisi na Abdul, bega kwa bega, ili akiyumba wamshikilie. Mwenyewe alisimama nyuma yao na daftari la majina. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kalamu.

Vidole vikafika kwenye shingo ya Uledi. Vikabonyeza. Vikarudi tena mahali pale pale.

"Unalala vizuri?" msaidizi akauliza.

"Vizuri sana," Uledi akajibu, na Hamisi akambana mkono kwa nyuma.

"Mzima. Anayefuata."

Mbaraka aliandika neno hilo, mzima, mbele ya jina la Uledi, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Usumbura. Utulivu huo haukudumu hata mpaka adhuhuri, kwa kuwa alipoinua kichwa alimwona Bwana Saa amesimama karibu, amemtazama Uledi kutoka unyayo hadi utosi.

"Vizuri," Bwana Saa akasema. "Kesho huyu mbele."

Sasa hapakuwa na udhuru. Serikali imeandika mzima. Akisema mgonjwa, ataulizwa mgonjwa wa nini, na Rumonge ugonjwa wa kulala ulikuwa na jina moja tu.

Nyumbani Mwanvua hakubishana. Alijaza mawese kwenye bakuli, akampa Uledi.

"Mupelekee mama, pale kwenye ukuta. Usimwage."

Ni hatua kumi na mbili. Uledi alichukua bakuli kwa mikono miwili akaanza kutembea. Hatua ya tano alianza kwenda kushoto. Hakujua kwamba anakwenda kushoto. Mawese yakamwagika polepole juu ya vidole vyake, mekundu, yakafanya mstari mavumbini, naye akafika kwenye banda la kuku, akasimama na kumtafuta mama yake kwa macho.

Bibi Kulthum akajifunika uso kwa kanga.

"Umeona, Baba Sharifa?" Mwanvua akauliza.

"Nimeona."

"Basi?"

Mbaraka alitazama ule mstari mwekundu. Alikuwa na vijana kumi na sita katika darasa lile. Aliwafundisha kusoma, wengine walikuwa wamefika mahali pa kuandika barua nzima bila kosa. Na palikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu. Ujiji ndiko alikozaliwa. Alitaka, walau mara moja, kuwaona watu wa Ujiji wanaondoka Rumonge wameinamisha vichwa.

"Acheze kipindi kimoja," akasema. "Kimoja tu. Asiruke mipira ya juu. Nitamwambia."

Mwanvua aliliokota bakuli, akalipangusa, asimtazame tena mpaka kesho yake.

*

Jumapili uwanja ulijaa. Bwana Mkubwa wa Usumbura alikaa kwenye kiti chini ya kitambaa cheupe, Jumbe Majid nyuma yake. Wanawake walisimama upande wa ziwani. Bwana Saa alitazama saa yake na kupiga filimbi.

Ujiji walipata bao mapema. Hakuna aliyeshangaa. Baadhi ya watu walianza kugeuka waende sokoni, na Majid alionekana anamnong'oneza mtu jambo la kuchekesha. Lakini dakika chache baadaye mpira ukamwangukia Uledi mguuni. Hakufikiri. Mguu ulikumbuka wenyewe. Aliwapita wawili, akaupiga chini chini, na mlinda lango wa Ujiji akauokota nyuma ya nguzo zake za mianzi.

Rumonge ililipuka. Waliokuwa wanakwenda sokoni walirudi mbio. Wazee walipeana mikono, mtu alirusha kofia yake ziwani, na Hamisi alimrukia Uledi shingoni huku analia. Mbaraka alijikuta amepiga magoti bila kujua alipiga magoti lini. Bao moja kwa moja! Mwaka mzima hawakuwahi kuwa sawa na mtu.

Kipindi cha kwanza kikaisha. Mbaraka aliwapa maji. Alikuwa ameahidi kipindi kimoja. Alimtazama Uledi, Uledi akamwambia, "Shemeji, nimefunga, siyo?" kwa furaha iliyofanya mtu ashindwe kumjibu vibaya. Vijana wote walikuwa wanamtazama mwalimu. Hakumtoa.

Kipindi cha pili mpira mmoja ulipigwa juu sana. Mbaraka alipaza sauti, "Uuache!" lakini sauti yake ilimezwa na sauti za watu. Uledi aliruka, akaupiga kwa kichwa kama alivyozoea tangu siku ya kwanza. Alitua kwa miguu yote miwili. Akasimama.

Mchezo ukaendelea bila yeye. Alisimama karibu na mstari, hatua chache kutoka kwa mwalimu, akayakinga macho kwa mkono akitazama huku na huku, kama mtu aliyeshuka pwani ngeni. Kijana mmoja wa Ujiji alipita karibu yake. Uledi akamshika mkono kwa adabu.

"Ndugu, samahani. Tunacheza na nani?"

Kijana wa Ujiji akacheka, akidhani ni mzaha, akakimbia zake.

Mbaraka alisikia. Alitazama upande wa Bwana Saa, ambaye alikuwa anatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika chache, na wakati huo huo Hamisi alikuwa ameangushwa karibu na lango la Ujiji, mpira umewekwa chini upigwe. Uledi apige huu mmoja tu, Mbaraka akawaza. Huu mmoja, halafu nimtoe. Akainua macho na kuona upande wa wanawake. Wote walikuwa wanaruka na kupiga vigelegele, isipokuwa mmoja. Mwanvua alikuwa amesimama kimya na Sharifa mgongoni, na hakuwa anautazama mchezo. Alikuwa anamtazama yeye.

Mbaraka akavuka mstari.

Alitembea, hakukimbia. Filimbi ikalia. Akafika kwa Uledi, akamshika mkono. "Twende nyumbani," akasema.

"Mwalimu!" Hamisi akapiga kelele kutoka kule. "Mwalimu, unafanya nini? Mwalimu!"

Bwana Saa alimjia kwa hatua ndefu. "Toka uwanjani. Mchezo haujaisha."

"Mtu huyu ni mgonjwa, Bwana."

Neno hilo lilienea upesi. Waliokuwa mstari wa mbele wakarudi nyuma. Hata Abdul, aliyekuwa amekuja kumshika Uledi bega, aliuondoa mkono wake. Mbaraka aliona jinsi uwazi ulivyokua kuwazunguka wao wawili, akajua kwamba asipolisema jambo lote sasa hivi, hatalisema tena.

"Si malale!" akasema kwa sauti ya darasani. "Ni buti la kichwani. Usumbura, siku kumi na mbili leo. Mimi niliona, nikamficha. Hakwenda Kigwena. Nilikudanganya, Bwana, kwa sababu niliogopa kambi. Na leo nimemchezesha huku najua."

Bwana Mkubwa aliuliza jambo kwa Kijerumani kutoka kwenye kiti chake. Bwana Saa alimjibu kwa maneno machache, uso umemwiva. Akageuka.

"Asiingie mwingine. Kumi wacheze," akasema.

Kumi wakacheza. Ule mpira uliowekwa chini Hamisi aliupiga mwenyewe, ukapita juu ya mianzi mpaka kwa wanawake. Ujiji wakafunga kabla ya filimbi ya mwisho. Mbili kwa moja.

*

Msaidizi wa daktari alimweka Uledi kivulini, akamuuliza leo ni siku gani, akamsogezea kidole machoni, akamchoma kidole kwa sindano na kutazama damu katika kioo cha kukuza. Baada ya muda alimwita Mbaraka.

"Hana malale. Ubongo umetikisika. Alale, asibebe kitu miezi miwili, atapona." Akafunga sanduku lake. "Mngeniletea siku ya kwanza ningewaambia hivyo hivyo."

Mbaraka alibaki amesimama pale mpaka msaidizi alipoondoka.

Kudanganya serikali kulikuwa na viboko kumi na tano. Alipigwa siku iliyofuata asubuhi mbele ya shule. Wanafunzi wadogo waliamriwa kuhesabu kwa pamoja, kwa sauti, na walihesabu vizuri bila kuruka, moja mpaka kumi na tano, kama alivyowafundisha. Walipofika tisa mmoja alianza kulia lakini akaendelea kuhesabu.

Kisha Bwana Saa alisoma majina. Darasa la wakubwa, vijana kumi na watano, wataondoka siku ya nne na misumari na mabati. Uledi amefutwa. "Na mwalimu," akaongeza, "asiye na darasa ana mabega."

Nyumbani Mwanvua alimpaka mafuta ya mise, kokwa za chikichi, mgongoni, mikono yake mizito na ya uangalifu. Chumba cha pili Uledi alikuwa amelala, na Bibi Kulthum alikuwa anamfukuzia nzi.

"Ulichelewa," Mwanvua akasema.

"Najua."

"Ungemtoa mapema, mwingine akaingia, tungekuwa na moja kwa moja hata sasa."

"Labda."

Akachovya tena mafuta, akasema, "Lakini ulikwenda." Halafu, kwa sauti ya kila siku, "Geuka huku."

*

Waliondoka alfajiri, wakaacha michikichi nyuma yao, wakaanza kupanda. Kila mtu alikuwa na kata ya majani kichwani na mzigo juu yake. Siku ya kwanza hakuna aliyezungumza na Mbaraka. Walipopumzika walikaa pamoja, yeye akakaa peke yake, na walipogawana mihogo walimwekea sehemu yake juu ya jiwe, mbali kidogo. Mkewe Abdul alikuwa amewafuata mpaka mto wa kwanza, tumbo mbele, halafu akarudi bila kuaga.

Siku ya pili, kwenye milima ya Bugarama, njia ilisimama kama ukuta. Mbaraka alikuwa amelihamisha bati kutoka kichwani, nalo limemchubua bega, na vidonda vya viboko vilikuwa vimefunguka chini ya shati. Alibaki nyuma. Mwisho alishusha mzigo akakaa kando ya njia, akipumua kwa mdomo. Chini kabisa ziwa lilionekana, dogo kuliko alivyowahi kuliona.

Hamisi alirudi akishuka kutoka mbele. Alikuwa ameuacha mzigo wake juu. Alisimama mbele ya mwalimu wake.

"Nataka kukuuliza neno," akasema. "Unijibu kweli."

"Uliza."

"Kama ingekuwa kichwa changu. Mimi si shemeji yako. Moja kwa moja, na mpira umewekwa pale. Ungenitoa?"

Mbaraka akafungua mdomo. Jibu zuri lilikuwapo, lilikuja lenyewe, kama vile uongo wa Kigwena ulivyokuja. Akalitazama, akalimeza.

"Sijui, Hamisi."

Upepo wa mlimani ulipita, wa baridi, nao wote wawili wakatetemeka. Hamisi akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

"Mimi nisingekutoa wewe," akasema. "Nimefikiri siku tatu. Nisingekutoa. Ningengoja mpira ule upigwe kwanza." Akachuchumaa, akaingiza mikono chini ya bati. "Shika upande huo, mwalimu. Wametuacha."

Mbaraka akashika. Wakainuka pamoja.